Huo Sio Uchovu wa Safari, Mzee Wangu: Maswali na Majibu kwa Wazee Wanaosafiri Peke Yao

Shikamooni wazee wangu. Mi ni muuguzi hapa Kigoma, na Kigoma ndio mwisho wa reli, kwa hiyo mtu akizidiwa njiani anashukia kwetu. Siku hizi naona wazee wengi wanasafiri wenyewe, na sio ile safari ya kwenda msibani Ijumaa kurudi Jumatatu, hapana, mtu kastaafu, watoto wako Dar, Mwanza, mwingine Mbeya, mwenzie alishatangulia mbele za haki, kajiambia acha nizunguke nchi yangu, anatoka na begi moja na kukaa njiani miezi mitatu, minne. Nawapenda sana kwa hilo. Ila kuna maneno wanakuja nayo wote utafikiri wamekaririshwa darasa moja: "Ni uchovu wa safari tu mwanangu, utaisha." Jamani nimeyachoka hayo maneno. Maswali haya ndio yale naulizwa pale kwenye benchi kila wiki.

Nina miaka 68 na nasafiri peke yangu. Ni vibaya kiafya?

Sio vibaya. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika kwenye msitu wa Gombe hapa Kigoma mwaka 1960 akiwa binti wa miaka 26, uzeeni akawa yuko safarini karibu siku 300 kwa mwaka, na alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, katikati ya ziara huko Marekani. Uzee sio ugonjwa. Kuna wazee nimewaona walikuwa wamejifungia ndani tangu mke afariki, sa hivi ukimkuta Ujiji anabishana mpira na vijana utadhani kazaliwa pale. Safari inachangamsha akili, inakutembeza, inakupa stori.

Tatizo ni hiyo peke yangu. Mtu mwenye mwenzie anaambiwa asubuhi "we leo mbona hauko sawa, macho mekundu, jana hukula." Wewe hauna wa kukwambia, na mgonjwa mwenyewe ndio wa mwisho kujua kama anaumwa.

Uchovu wa safari ni nini hasa?

Mgongo kuuma kwa kukaa, usingizi, miguu YOTE MIWILI kujaa kidogo, basi. Unakula, unakunywa maji, unalala, asubuhi umepungua sana. Usiku mmoja. Sijasema siku tatu, sijasema wiki, nimesema usiku mmoja. Ukiamka bado uko vilevile au umezidi, huo sio uchovu, njoo upimwe.

Nimeshuka jioni, mwili una joto na kichwa kinagonga. Nilale kwanza, kesho ndio nije?

Hapana. Kwenye homa hata huo usiku mmoja sikupi. UCHOVU WA SAFARI HAUNA HOMA. Mwili ukichemka au ukatetemeka kwa baridi wakati wenzako wanajipepea, nenda zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku iwe usiku. Kigoma na Tabora malaria bado ipo na ipo nyingi. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, dakika kama 15 au 20 jibu tayari, ikiwa ipo unapewa mseto, vile vidonge vya malaria, unaenda kulala. Ni kitu rahisi mno kikiwahiwa, ndio maana nakasirika.

Kuna mzee alitoka mikoa ya baridi, kafika hapa kachukua chumba guest, siku ya kwanza kajisikia homa akasema reli imemchosha, ya pili kanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani akatuliza, ya tatu mhudumu wa guest kamsikia anaongea peke yake akadhani kalewa, akamwacha apumzike! Alikuja kuletwa kwetu na bodaboda wawili, hajui yuko wapi, anatapika kila anachopewa. Hiyo sasa ni malaria kali, ni sindano za mshipani, ni rufaa, na kwa mtu wa umri ule hata ukimwahi sio wote wanaopona. Yeye alipona, na alipopata fahamu nikamuuliza baba kwa nini hukuja siku ya kwanza? "Nilijua ni uchovu wa safari." Niliondoka nikaenda kunawa mikono, nisije nikamjibu vibaya mtu mzima.

Lakini mimi sina homa kali, nimelegea tu na sina hamu ya kula.

Na hiyo ndio inayowadanganya wengi. Mwili wa mzee saa nyingine hauchemki kama wa mtoto. Unakuta ana malaria, au kichomi, au maambukizi kwenye njia ya mkojo, joto limepanda kidogo tu, kinachoonekana ni kulegea, kukataa chakula, kusahau sahau, kuyumba akisimama. Kwa hiyo usisubiri mpaka uungue. Ukikosa hamu ya kula na umelegea, umelala usiku mmoja hujarudi sawa, nenda ukapime.

Mimi nimekulia Urambo, Tabora, malaria nimeizoea tangu mtoto.

Umekulia Urambo, halafu umefanya kazi Arusha miaka 30. Ile kinga ya mtu anayeng'atwa kila msimu inapungua ukikaa mbali nayo muda mrefu, kwa hiyo ukirudi nyumbani uzeeni mbu anakuona mgeni. Lala kwenye chandarua, hata guest, na kama hakina au kimetoboka omba kingine bila kuona aibu, umelipia.

Nina mseto uliobaki wa safari iliyopita, nianze nao?

Usianze nao. Kwanza hujapima. Pili kama ulibaki maana yake hukumaliza dozi, na dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24, havitakiwi kubaki hata kimoja.

Na hiyo diklofenaki mnayoibugia kama karanga, kwa mzee anayemeza dawa za presha, hajanywa maji siku nzima, inabana figo na presha inapanda. Mnazima taa ya kwenye dashbodi halafu mnasema gari limepona.

Mguu mmoja umevimba tangu nishuke. Nimeuchua na mawese ya moto, bado.

ACHA KUUCHUA. Narudia na nitarudia tena chini. Ukikaa kwenye siti zaidi ya masaa manne miguu inaning'inia, damu kwenye mishipa ya ndani ya mguu inatembea polepole, inaweza kuganda likawa donge, na umri mkubwa unaongeza hatari, ukiwa ulifanyiwa opresheni karibuni au una kansa ndio zaidi. Sasa piga hesabu ya mtu anayetoka Dar: SGR inakuleta Dodoma, sawa, lakini kutoka hapo kuja huku ni treni ya zamani au basi, ni masaa na masaa, na yuko dirishani kabanwa na magunia ya watu.

Dalili yake ni mguu MMOJA, mara nyingi kuanzia kwenye kigimbi, umejaa, unauma, ukiugusa una joto kuliko mwenzie. Uchovu hauchagui mguu. Ukiona mmoja umejaa na mwingine uko sawa usiseme umechoka, mguu haujachoka peke yake. Na ukiuchua, lile donge linaweza kukatika likapanda mpaka kwenye mapafu, hapo unabanwa na kifua ghafla, pumzi inakata, wengine wanakohoa damu, na hapo tunagombania dakika. Hapa Kigoma hospitali ya Maweni ipo, Tabora hospitali ya Kitete ipo, usianzie kwa mchuaji, usianzie kwa jirani anayejua mafuta. Na sio lazima ivimbe siku unayoshuka, inaweza ikaja wiki mbili baadae umeshasahau hata namba ya siti.

Ukiwa safarini chezesha nyayo juu chini, kila baada ya saa moja au mbili nyanyuka. Kwenye treni tembea behewani. Kwenye basi, wakisimama kuchimba dawa na wewe shuka, hata kama huna mkojo, konda akinung'unika mwache anung'unike.

Na usiuchue.

Dawa za presha huwa naziacha siku za safari kwa sababu zinanikojoza. Si naendelea nikifika?

Hili nalo! Mnaacha dawa, mnaacha na maji, mnasafiri mmekauka kama matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, mkifika presha iko juu na mdomo hauna mate. Dawa ya presha haina likizo. Kama ni ile ya kukojoza, muulize daktari wako kabla hujaondoka kuhusu kubadilisha saa ya kuimeza, saa inaweza kubadilishwa, lakini kuacha kabisa usiamue mwenyewe. Na wazee wa kiume wenye tezi dume, kubana mkojo kutwa nzima ni kujitafutia balaa, wapo wanaofika hapa kibofu kimejaa kama mpira na hakitoki kitu, mpaka tuwawekee mpira wa mkojo.

Dawa zikae kwenye begi la mkononi, sio kule kwenye buti. Mnamjua Livingstone, yule mzungu msafiri wa zamani, mnara wake si mnaenda kupigia picha pale Ujiji? Mwaka 1867 mpagazi alitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku lake la dawa, na mwenyewe alijisikia kama kahukumiwa kifo, maana Livingstone alikuwa daktari, alijua maana yake. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta Ujiji mwaka 1871 alikuwa na miaka 58 tu ila kachakaa kama mzee wa miaka mingi, na 1873 akafa hukohuko njiani. Yeye aliibiwa. Nyie mnaziacha kabatini kwa hiari yenu.

Beba za siku zote za safari na wiki mbili za ziada. Wa insulini, usiiache kwenye jua la dirishani, na hiyo unayoitumia ikae mahali pa baridi ya kivulini, chungu cha udongo chenye unyevunyevu kinasaidia kama hakuna friji.

Nina kisukari. Asali ya Tabora si haina madhara, ni ya asili?

Ni sukari. Nzuri, ya miombo, hata mimi naipenda, na ni sukari. Ndoo uliyonunua mpelekee mjukuu.

Nimeamka mkono umekufa ganzi, nadhani nililalia vibaya kwenye siti.

Ganzi ya kulalia inaachia ndani ya dakika chache ukiuchezesha. Isipoachia, au mdomo umepinda upande, au ulimi umekuwa mzito, hiyo ni kiharusi mpaka tuthibitishe vingine. Uchovu haupindi mdomo. Haupindi! Usilale, usinywe chai ya tangawizi, usisubiri watoto wapige simu jioni. Bodaboda, bajaji, chochote kinachotembea, hospitali.

Nataka kuvuka ziwa kwenda upande wa Congo. Kuna la kujua?

Utaulizwa kadi ya homa ya manjano. Chanjo inachomwa angalau siku 10 kabla, na ukishachoma ni ya maisha. Ila kama umevuka miaka 60 na hujawahi kuichoma, mwambie anayekuchoma umri wako wa kweli na magonjwa yako, kwa sababu mara ya kwanza katika umri huo hatari ya madhara ni kubwa kidogo kuliko kwa kijana, inabidi mpime faida na hatari. Na maji ya kunywa yachemshwe, kipindupindu mwambao huu tunakijua, mwaka 2015 pale kijiji cha Kagunga tulikiona.

Mchana nafurahi sana, usiku guest nakosa usingizi, nalia hata sijui kwa nini. Nirudi nyumbani?

Sio lazima. Hili wengi wanalinong'ona wakati nafunga mashine ya presha, hawaliandikishi dirishani. Mwezi wa kwanza kila kitu ni kipya, mwezi wa tatu sherehe za watu zinakupita, unakula wali peke yako, unamkumbuka marehemu. Kaa mji mmoja wiki mbili badala ya siku mbili, uzoeane na mama ntilie, nenda msikitini au kanisani saa zilezile, watu wakuulize jana ulikuwa wapi. Ila usiutibu usiku kwa pombe, na kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, huli, hutaki kuamka, au unawaza bora ufe, hilo nalo lina dawa na wahudumu wake, sema kwetu kama unavyosema kifua.

Nikizidiwa chumbani nani atajua?

Kwa sasa, hakuna, na ndio maana nasema haya. Ukiingia guest mwambie mhudumu: nina presha, nisipotoka mpaka saa nne asubuhi gonga mlango, nisipojibu fungua. Wala hawashangai. Kila asubuhi piga simu moja, saa ileile, kwa mtu yuleyule, na mkubaliane kwamba ukiongea mambo yasiyoeleweka asicheke, apige guest. Halafu karatasi, weka na kadi ya bima kwenye mfuko wa shati, sio kwenye begi: jina, umri, ugonjwa, dawa na kiasi chake, na namba ya mtoto. Weka ya yule anayepokea simu, sio ya yule unayempenda kuliko wote, tumeshapigia hao usiku kucha hawapokei.