Je, wajua kwa nini AC ya gari la zamani hufia kwenye baridi ya Mbeya?

Mwenye gari wa Mbeya huwa hajui kwamba AC yake imekufa mpaka siku anaposhuka Kyela. Anatoka Uyole na sweta mwilini, anapita Tukuyu kwenye ukungu, anafika chini kwenye mpunga na kakao jasho linamtiririka. Anabonyeza kitufe, feni inavuma, upepo unatoka wa moto. "Mbona hata siitumii, imeharibikaje?" Imeharibika kwa sababu hiyo hiyo: haitumiki.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa. Kompresa inaikandamiza, inapoa na kuwa kimiminika kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, kisha inapanuka na kufyonza joto nyuma ya dashibodi. Ikipungua, imevuja. Pamoja nayo huzunguka oili maalumu, inayolainisha kompresa na kulowesha sili ya shafti yake, yaani kizibo kinachozuia gesi isitoke pembeni ya shafti. Oili hiyo haina njia nyingine ya kutembea. Inabebwa na gesi. Kompresa ikikaa miezi bila kufanya kazi, sili inakauka na gesi inapenya kidogo kidogo. Kwenye gari la miaka 20 na zaidi, mipira imeshaanza kuwa migumu, kwa hiyo haihitaji muda mrefu.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya fundi mmoja Mwanjelwa akikagua gari langu la mwaka 1998. Hakukimbilia mtungi wa gesi. Alipitisha kidole nyuma ya puli ya kompresa, kikatoka na tope jeusi la oili na vumbi. "Inatokea hapa," akasema. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshajaziwa gesi mara mbili kwingine bila mtu kutafuta inakovujia, na mara zote mbili pesa yangu ilipotea hewani. Tafadhali usikubali kujaziwa gesi kabla tundu halijapatikana. Na gesi ikipungua sana, swichi ya presha huizuia kompresa isiwake, maana bila gesi oili haifiki. Anayeiruka swichi hiyo kwa waya ili "AC iwake" anaiua kompresa.

Sili na chujio la kukausha unyevu vikishabadilishwa, mfumo hunyonywa hewa yote kwa pampu. Unyevu ukibaki huganda kwenye tundu dogo la kupanulia gesi, tena hutengeneza asidi inayokula vyuma. Hapa Mbeya ina jambo lake. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani. Geji inayoonyesha hewa imenyonywa kiasi gani, ambayo Dar es Salaam ingekaribia inchi 30 za zebaki, hapa inagota karibu na 25 hata pampu ikiwa nzima kabisa. Asiyelijua hilo anaweza kuhangaika siku nzima akisaka tundu lisilokuwepo.

Kama gari ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1990, soma kibandiko chini ya boneti. Mengi ya wakati huo yalitumia R-12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, iliyowekewa mipaka na Mkataba wa Montreal wa 1987. Yaliyofuata yalitumia R-134a, na oili ya mfumo wa zamani haichanganyiki na gesi hiyo.

Sasa, kuizuia isife ni rahisi: washa AC dakika 10 kila wiki, hata Julai, mchana baridi ikipungua. Wala si kuiwasha bure. Ukiwa Igawilo mvua inanyesha na pumzi za abiria zimeziba kioo cha mbele, washa AC pamoja na hita. AC inakausha hewa, hita inaipasha, na kioo kinaanza kufunguka kutokea chini, bila kitambaa, ukiendelea kuona barabara.