Nalipwa Kuificha Kanada, kwa Hiyo Nisikilizeni

Shemeji yangu aliweka sahani ya biriani chini, akapangusa vidole, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: "Kanada hawana filamu za kutisha za kwao. Ni Wamarekani tu wanavuka mpaka kufuata dola ya bei rahisi." Watu wakaitikia. Mimi nikajifanya natafuta kachumbari. Ni mara ya nne mwaka huu naambiwa maneno hayo, na safari hii nimeamua kuandika, maana kubishana na shemeji mbele ya dada yangu ni kazi nisiyoiweza.

Kwanza mjue nafanya nini. Mimi ni mpamba seti za filamu, huku Toronto na Hamilton, jimbo la Ontario. Ndiye yule anayefika alfajiri kabla ya kamera, anabandua pleti namba za Ontario kwenye magari na kufunga za Ohio, anaondoa sanduku jekundu la posta na kusimamisha la buluu, anatundika bendera ya nyota na mistari barazani, anang'oa kibao cha kilomita na kuweka cha maili, kisha anakimbia kuondoa kikombe cha Tim Hortons, mgahawa wa Kanada, ambacho fundi taa amekisahau dirishani. Mtu akiniambia filamu zinazopigwa huku ni za Marekani simshangai. Aliyemdanganya ni mimi.

Lakini filamu iliyopigwa Kanada na filamu ya Kanada ni vitu viwili, na hapo ndipo shemeji anapoteleza. It ya mwaka 2017 ilipigwa kwenye mitaa ya Port Hope, Ontario. Ni ya Marekani. Saw ya kwanza ilifanyika Los Angeles, kuanzia ya pili wakahamia Toronto; bado ni ya Marekani. Hizo namwachia, achukue zote. Tatizo ni kwamba akishazichukua hizo anabeba na nyingine zisizo zake, kama mgeni anayeondoka na viatu vya wenzake mlangoni.

Sasa, uraia wa filamu unapimwaje? Huku kuna utaratibu wa alama, kwa sababu filamu ikithibitishwa kuwa ya Kanada inapata nafuu ya kodi. Mwongozaji Mkanada, alama 2. Mwandishi, 2. Mwigizaji anayelipwa zaidi, 1, anayemfuata, 1. Mkuu wa kamera, mbunifu wa seti, mtunzi wa muziki na mhariri, 1 kila mmoja. Jumla 10, na ukifikisha 6 umepita mlango wa kwanza. Ila ama mwongozaji ama mwandishi lazima awe wa huku, na mmoja wa waigizaji wawili wakuu vilevile. Mtayarishaji hapewi alama hata moja kwa sababu yeye ni sharti: asipokuwa Mkanada, rudini nyumbani. Mpamba seti naye hana alama. Hilo nimeshalizoea.

Ninachotaka mkione ni hiki. Chukueni The Fly ya 1986. Mwongozaji ni David Cronenberg, mzaliwa wa Toronto. Ilipigwa Toronto. Kamera alishika Mark Irwin, seti alibuni Carol Spier, uhariri Ronald Sanders, muziki Howard Shore, wote wa huku. Ipime kwa kipimo cha leo: mwongozaji 2, hao wengine wanne moja moja, unapata 6 kamili! Halafu unafika mlangoni na mlango umefungwa, maana waigizaji wakuu, Jeff Goldblum na Geena Davis, ni Wamarekani, na fedha na mtayarishaji ni wa Marekani. Basi ni filamu ya Marekani. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye familia, na kila fremu inanukia Toronto, lakini karatasi zinasema hapana.

Geuzeni upande wa pili. Black Christmas ya 1974, ambayo karibu kila mpenzi wa filamu za kutisha huku anaiita mama yao wote, iliongozwa na Bob Clark, mzaliwa wa New Orleans. Mmarekani kabisa! Lakini alikuwa amehamia Kanada, hadithi iliandikwa huku na A. Roy Moore, ikapigwa Toronto kwa fedha za huku, na Margot Kidder anayewachangamsha wenzake kwa matusi na ulevi ni mtoto wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada. Kwa hiyo ya mtu wa Toronto ni ya Marekani, na ya mtu wa New Orleans ni ya Kanada. Mkiniuliza kama jambo hili linaniridhisha, haliniridhishi. Mfumo wa alama unajua kuhesabu watu, haujui kunusa filamu. Ila angalau unahesabu. Shemeji hata kuhesabu hataki.

Na kwa kuwa nimeitaja: hapana, Black Christmas haikuiga Halloween, ile ya Marekani. Halloween ni ya 1978. Toeni 1974 kwenye 1978. Asanteni.

Filamu yenyewe inastahili zaidi ya hesabu hiyo. Wasichana wa chuo wako kwenye nyumba yao wakati wa likizo ya Krismasi, simu inalia, upande wa pili kuna sauti inayolia, kutukana, na kubadilika kuwa watu watatu kwa pumzi moja. Muuaji yuko darini juu yao tangu mwanzo. Hatumjui ni nani, na filamu inakwisha hatujamjua, simu bado inalia. Mtunzi wa muziki, Carl Zittrer, alifunga uma na vichana kwenye nyaya za piano ili itoe mlio kama kitu kinachokufa polepole. Mimi napenda zaidi yule fundi wa simu anayekimbia kati ya mitambo ya kituo akifuatilia simu inatoka wapi, maana siku zile ilikuwa lazima mtu akimbie kwa miguu. Na theluji ile ya uani inayosifiwa sana? Theluji ya kweli ilikuwa haba, kwa hiyo nyingi ni povu la zimamoto. Mwenzangu wa idara, popote ulipo, heshima yako.

Kuhusu miaka ya kodi nitapita haraka, maana kila anayeandika kuhusu filamu za Kanada hukwama hapo. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliruhusu anayewekeza kwenye filamu ya Kanada akate uwekezaji wote kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Madaktari wa meno na mawakili wakawa watayarishaji. Fedha ilipaswa kutumika kabla mwaka haujaisha, ndiyo maana filamu nyingi za kipindi hicho zina miti isiyo na majani na waigizaji wanaotoa moshi mdomoni. Takataka nyingi zilizaliwa hapo. Pia ilizaliwa The Changeling, iliyotoka 1980, nyumba yenye mzimu wa mtoto na mpira unaoshuka ngazi wenyewe, ambayo hadi leo siiangalii nikiwa peke yangu. Hadithi inasema ni Seattle; ukweli ni Vancouver na Victoria.

Ila kuna moja ya kipindi hicho ambayo lazima nikae nayo, kwa sababu za kikazi. My Bloody Valentine ya 1981, mwongozaji George Mihalka, ilipigwa Sydney Mines, Nova Scotia, kwenye mgodi wa makaa uliokuwa umefungwa. Watayarishaji waliupenda kwa sababu ulikuwa mchafu, mweusi, umechoka. Wenyeji waliposikia wageni wa filamu wanakuja, wakafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: wakausafisha na kuupaka rangi. Timu ikafika ikakuta mgodi unang'aa kama sebule siku ya Idi. Ikabidi walipe fedha kuuchafua upya. Kila nikisikia mtu anasema filamu hizi hazina Ukanada ndani yake, namsimulia kisa hiki. Halafu tazama filamu yenyewe: wachimbaji wanakunywa bia ya Moosehead na lebo inaonekana wazi, lafudhi ni ya pwani ile ya mashariki, hakuna aliyeficha kitu. Chini ya ardhi taa kubwa hazikuruhusiwa kwa hofu ya gesi ya methani, kwa hiyo giza lile si ubunifu mtupu, ni usalama kazini. Wanaopanga filamu ifae watazamaji wa umri gani huko Marekani wakaikata vibaya kabla haijatoka. Damu yake nyingi ilirudishwa mwaka 2009.

Na kama mnataka filamu ya kusisimua ambamo Toronto inacheza nafasi ya Toronto, tafuteni The Silent Partner ya 1978. Karani wa benki ndani ya Eaton Centre, jengo la maduka la Toronto, anagundua kwamba jambazi aliyevaa kama Baba Krismasi atakuja kuiba, naye anaamua kujichukulia sehemu kubwa kabla hajafika. Jambazi ni Christopher Plummer, na ni mkatili kiasi kwamba hutamwona tena kama yule baba mwenye watoto waimbaji wa The Sound of Music. Muziki ni wa Oscar Peterson. Hakuna bendera ya nyota hata moja. Niliitazama mara ya kwanza nikiwa nimetoka kubadilisha pleti namba mtaa mzima, na niliona wivu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimewahi kulisema kwa kujiamini na leo nalisema kwa sauti ya chini. Zamani nilikuwa nikiwaambia watu kwamba hofu ya Kanada ni hofu ya ndani. Marekani muuaji anatoka msituni. Huku anatoka mwilini mwako, au kwenye jengo lenyewe. Mifano ipo. Shivers ya 1975, filamu ya Cronenberg iliyomletea balaa, ni wadudu wanaopita kutoka mwili hadi mwili ndani ya ghorofa la kifahari Montreal. Kwa kuwa fedha ya umma ilikuwemo, mwandishi wa habari Robert Fulford aliandika kwamba walipa kodi wanapaswa kujua ilivyo mbaya, maana wao ndio walioilipia, na jambo likafika bungeni. Ginger Snaps ya 2000, aliyoiandika Karen Walton, inachukua hedhi ya kwanza ya msichana na kuifanya mwanzo wa kugeuka mbwamwitu, na dada yake mdogo anahangaika kumfichia siri. Cube ya 1997 inawafungia watu wasiojuana ndani ya vyumba vya mitego, kila mmoja amepewa jina la gereza, na jibu la nani aliyejenga ni kwamba hakuna anayejua. Ni mradi uliokosa mwenyewe ukaendelea tu. Mtu aliyewahi kufuatilia faili kwenye ofisi yoyote ya serikali, iwe Ottawa au Dodoma, atatetemeka.

Lakini nimejenga seti miaka mingi sasa, na najua bei. Chumba ni rahisi kuliko mji. Cube kimsingi walijenga mchemraba mmoja wakawa wanabadilisha rangi za kuta. Pontypool ya 2008 inakaa karibu yote ndani ya studio ya redio chini ya kanisa. Skinamarink ya 2022 Kyle Edward Ball aliipiga ndani ya nyumba aliyokulia Edmonton kwa takriban dola 15,000 za Kanada. Je, hiyo ni roho ya taifa au ni mfuko mtupu? Siku hizi sijui. Nadhani vyote viwili, halafu usiku naamka nikidhani ni mfuko tu. Kinachonirudisha ni kwamba Cronenberg alipopata fedha zaidi akatengeneza Dead Ringers, madaktari mapacha wanaooza pamoja ndani ya nyumba yao. Hakutoka nje hata alipoweza.

Pontypool msiipite, hasa sisi wa lugha mbili. Virusi vimo ndani ya maneno ya Kiingereza: ukilielewa neno fulani limekupata, unaanza kulirudiarudia hadi akili inachanika. Wanajiokoa kwa kukimbilia Kifaransa, Kifaransa kibovu cha shule. Niliitazama na mke wangu, akasema sisi tungehamia Kiswahili mapema, tungekuwa tunakunywa chai.

Blood Quantum ya 2019 ndiyo inayonivurugia hoja yangu yote. Jeff Barnaby, mtu wa taifa la asili la Mi'gmaq, aliiweka mwaka 1981, mwaka uleule ambao polisi wa Quebec walivamia Listuguj, hifadhi ya watu hao, kwa sababu ya wavuvi wa samoni. Filamu inaanza na samoni waliokwisha kupasuliwa matumbo, ghafla wanaanza kurukaruka. Wafu wanafufuka, wazungu wanaambukizwa, watu wa asili hawaambukizwi, na wazungu wanakuja kupiga hodi kwenye hifadhi waliyowatengea wenyewe. Jina lake ni kile kipimo cha kikoloni cha kuhesabu mtu ana damu ya asili kiasi gani. Nami nimekaa hapa tangu mwanzo nawahesabia alama 6 kati ya 10 kuamua nini ni cha Kanada. Barnaby alifariki 2022. Ningependa kujua angeniambia nini kuhusu aya zangu za juu, ingawa nahisi nalijua jibu.

Shemeji ametuma ujumbe asubuhi hii kuuliza aanze na ipi. Nimemwambia Black Christmas, taa zizimwe, simu iwe mezani. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nina mtaa mzima Hamilton wa kugeuza kuwa Pennsylvania, masanduku ya posta manne, bendera sita. Ikitoka, akisema ni ya Marekani, hiyo atakuwa sahihi.