Banana, Entebbe, Montreal: nani hasa huizuia ndege isiruke?

Nawakatia watu tiketi za ndege mjini, ila nalala Ukonga. Jioni nikishuka daladala ya Gongo la Mboto, konda akiwa bado anaita "Banana, wa Banana asogee mlangoni", napitia kijiwe cha kahawa kisicho mbali na jengo lililopo hapo Banana la TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Pale kijiweni kila mtu ni mtaalamu wa ndege. Zinapita juu ya vichwa vyetu kutwa, kwa hiyo tunajiona tuna hisa.

Juni 2025 ilipokuja habari kwamba Umoja wa Ulaya umeyaingiza kwenye orodha yake ya marufuku mashirika yote ya ndege yaliyothibitishwa Tanzania, kahawa ilipoa vikombeni. Mzee mmoja, aliyewahi kupakia mizigo enzi za East African Airways, akanigeukia: "Mwanangu, si kuna ile CASSOA ya Entebbe? Si ndiyo bosi wa hawa jirani zetu hapa? Ilikuwa wapi?" Nilimjibu kwa kifupi nikawahi nyumbani. Jibu refu ni hili, kwa kupitia moja moja kauli ninazozisikia.

"CASSOA ni bosi wa TCAA"

Sivyo, na hapa ndipo wengi wetu tunapotelea.

CASSOA ni taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa itifaki ya nchi wanachama, makao yake yako Entebbe, Uganda. Ukiutazama mpangilio wake utaona mara moja kwa nini haiwezi kumfokea mtu wa Banana. Juu kuna bodi, na ndani ya bodi hiyo wamo wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za nchi wanachama wenyewe. Chini ya bodi kuna sekretarieti inayoongozwa na mkurugenzi mtendaji, na pembeni kuna vikundi vya wataalamu wanaotoka kwenye mamlaka hizo hizo: wa leseni za marubani, wa uendeshaji wa ndege, wa uzima wa ndege (yaani kama inafaa kuruka), wa viwanja, wa uongozaji wa ndege, wa ulinzi. Mambo makubwa yanapanda hadi kwa mawaziri wa sekta ya uchukuzi wa Jumuiya. Kwa lugha ya kijiweni, mwenyekiti wa mtaa hawezi kuwa bosi wa wenye nyumba waliomchagua. Wanamtuma, hawatumwi naye.

Kazi yake ni nini basi? Kwanza, kuandaa kanuni za mfano ili rubani wa Kigali, wa Nairobi na wa Dar wapimwe kwa kipimo kimoja. Kanuni hizo hazina meno mpaka kila nchi izitunge kuwa kanuni zake. Pili, mitihani ya leseni: benki ya maswali na mfumo wa pamoja, ili mtu asikimbilie nchi jirani kwenye mtihani mwepesi. Tatu, ambayo mimi naiona ndiyo roho ya chombo chenyewe, ni kuazimana wakaguzi.

Hili la wakaguzi linataka maelezo. Mkaguzi wa uendeshaji wa ndege anatakiwa awe mtu anayeijua ndege anayoikagua, na mara nyingi ni rubani mwenyewe. Rubani huyo huyo anaweza kulipwa vizuri zaidi akibaki kwenye shirika. Serikali inampata kwa shida na inamtunza kwa shida zaidi. Sasa nchi yenye ndege tatu za aina fulani itaajiri mkaguzi wa kudumu kwa ajili ya hizo tatu? Ndiyo maana majirani wakakubaliana: mwenye mtaalamu amwazime asiye naye. Ni kama sufuria kubwa ya shughuli. Mtaani haihitajiki kila nyumba iwe nayo, ila lazima ijulikane iko kwa nani.

Cheti cha kuendesha shirika, leseni ya rubani, cheti cha uzima wa ndege, vyote hutolewa na nchi, na nchi ndiyo inayovifuta. Entebbe haishiki karatasi hata moja kati ya hizo.

Kinachowachanganya watu ni kufananisha na Ulaya. EASA, wakala wa Ulaya wenye makao Cologne, Ujerumani, ndio unaothibitisha muundo wa ndege kama Airbus na ATR, na sheria ya Umoja wa Ulaya inaufanya uwe na nguvu ndani ya nchi wanachama. Wetu haukupewa hivyo. Mzee wangu wa kijiweni anakumbuka kwamba zamani mambo ya anga ya Kenya, Uganda na Tanzania yalikuwa chini ya idara moja ya Jumuiya, na shirika la ndege lilikuwa moja, mpaka vyote vikasambaratika mwaka 1977. Nadhani aliyeumwa na nyoka aliandika itifaki ya 2007 akiuangalia ung'ongo. Huo ni mtazamo wangu, sijautoa kwenye waraka wowote.

"Usalama ni wale wanaotuvua mikanda"

Hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatutega. Neno "usalama" tunalitumia kwa mambo mawili ambayo watu wa anga wanayatenga kabisa, na ndiyo maana jina la CASSOA lina S mbili za Kiingereza: "Safety" na "Security".

La kwanza ni ndege isianguke kwa kasoro yake au ya watu wake: bolti imekazwa, rubani amelala usingizi wa kutosha, mafuta yanatosha kufika na kugeuza, njia ya kurukia haina mbwa. La pili ni mtu asiidhuru ndege kwa makusudi: silaha isipite, begi lisilo na mwenyewe lisipande. Hili la pili wengi sasa wanaliita ulinzi, na mimi nawaunga mkono, kwa sababu ukisema "usalama" peke yake abiria anamfikiria askari.

Yule anayekuambia utoe laptopu na uvue mkanda yuko upande wa ulinzi. Mkaguzi wa upande wa kwanza humwoni, maana anafanya kazi kwenye maegesho ya ndege wakati wewe unanunua maji ya bei mbaya. Anapanda ngazi na kitambulisho chake, anaomba karatasi: cheti cha usajili, cheti cha uzima, leseni za marubani, kitabu cha kumbukumbu za safari. Orodha hiyo haikutungwa Dar. Imo kwenye kifungu cha 29 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, na kila ndege inayovuka mpaka lazima ibebe karatasi hizo. Kisha anashuka, anachuchumaa, anatazama tairi, anatazama kama kuna kinachovuja, anarudi ndani kuhesabu maboya na kusoma tarehe kwenye mtungi wa kuzimia moto. Asiporidhika, ndege haiondoki. Wewe unasikia tu kipaza sauti kikisema "kutokana na sababu za kiufundi", unatukana shirika.

"Ulaya imezifungia ndege zetu zisiruke"

Wateja walinipigia simu siku nzima. Mmoja alikuwa na tiketi ya Mwanza na alitaka kurudishiwa nauli kwa sababu "Mzungu amefunga anga".

Marufuku ile inahusu anga ya Umoja wa Ulaya. Dar kwenda Mwanza haimo. Dar kwenda Dubai au Mumbai haimo pia, hayo yanaamuliwa na nchi husika. Kilichotokea kilikuja kwa hatua mbili. Desemba 2024 iliwekwa Air Tanzania peke yake, baada ya EASA kuinyima idhini iliyoomba. Juni 2025 yakafuata mashirika yote yaliyothibitishwa nchini. Hatua ya pili ndiyo ya kuitafakari, kwa sababu ndani yake kuna mashirika madogo ambayo hayajawahi hata kuota kutua Paris. Kwa nini yamo? Kwa sababu Tume ya Ulaya haikuwa inasema ndege fulani ni mbovu. Ilikuwa inamsema msimamizi: uhaba mkubwa wa watumishi wenye sifa, na usimamizi usiotosha wa uendeshaji na uzima wa ndege. Msimamizi akitiliwa shaka, kila cheti chenye sahihi yake kinatiliwa shaka. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Chicago kinasema nchi zitambue vyeti vya wenzao ili mradi vimetolewa kwa viwango visivyo chini ya vile vya kimataifa. Ulaya ilishika hiyo "ili mradi".

Maumivu yapo, na ya kweli, hasa kwenye utalii. Wakala wa safari wa Ulaya analazimika kumwambia mteja wake ni shirika gani litakalombeba, na mteja akisikia jina liko kwenye orodha, safari ya ndege ndogo kwenda mbugani inageuka kuwa ya gari. Hilo linawagusa madereva, wapishi na wapagazi ambao hawajui hata EASA ni nini.

Narudi kwa swali la mzee. CASSOA isingeweza kuizuia hukumu hiyo, kwa sababu mbele ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga lenye makao Montreal, kila nchi hukaguliwa kwa jina lake na kujibu kwa jina lake. Ukiazima mkaguzi wa jirani, kosa akilikosa bado ni lako. Ila nikisoma sababu ya kwanza ya Ulaya, uhaba wa wataalamu, naona ni ugonjwa ule ule ambao chombo cha Entebbe kiliundwa kuutibu. Kwa hiyo mzee alikosea ngazi, lakini swali lake halikuwa la kipuuzi.

"Kampuni ikipata leseni, imeshamaliza"

Kuna karatasi mbili. Leseni ya kutoa huduma ni ya kibiashara: una mtaji, una bima, unataka njia gani. Cheti cha mwendeshaji wa ndege ni cha kiufundi, na kinapatikana kwa hatua tano, kuanzia mazungumzo ya awali, maombi rasmi, kupitiwa kwa vitabu vyako vyote, kuonyesha kwa vitendo kwamba unachokiandika unakifanya, ndipo cheti. Nimewaona watu wanachapisha fulana na kalenda za shirika lao jipya wakiwa bado hatua ya tatu. Kalenda inakwisha, ndege haijaruka.

"TCAA ndio wenye uwanja"

Choo kikiwa kichafu Jengo la Tatu la uwanja wa ndege wa Dar, wa kulaumiwa ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Hali ya hewa ni TMA. TCAA ni msimamizi, lakini pia ndiye anayewaajiri waongoza ndege walioko mnarani. Kwa hiyo anasimamia na pia anatoa huduma moja anayopaswa kuisimamia, chini ya paa moja. Haivunji sheria, na nchi nyingine nazo zina mtindo huo. Mimi hata hivyo ningependa waliopo mnarani wapate nyumba yao.

Zanzibar nako watu huchanganya. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo msimamizi ni TCAA huyo huyo, lakini viwanja vya kule vina mamlaka yake.

"Ajali ikitokea, TCAA inachunguza na kusema nani alaumiwe"

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakafariki, kijiwe kizima kilisubiri TCAA iseme mkosaji. Uchunguzi ni kazi ya kitengo cha uchunguzi wa ajali za ndege kilichoko wizarani. Lazima kitenganishwe na msimamizi, kwa sababu huenda msimamizi mwenyewe alizembea, na huwezi kumpa mtu ajichunguze. Nchi iliyotengeneza ndege nayo ina haki ya kuleta mwakilishi. Ndege ile ilikuwa ATR, kwa hiyo Wafaransa walihusika. Na lengo, kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ni ajali isijirudie. Lawama na fidia zina mahakama yake.

"Ndege ikiwa na namba ya Kenya, TCAA haiwezi kuigusa"

Hili lilinijia kwenye WhatsApp wiki jana. Mteja wangu wa Mafia alipiga picha mkia wa ndege pale Jengo la Kwanza, akazungushia duara nyekundu herufi 5Y. "Kaka, yetu si ni 5H? Umenikatia ndege ya Kenya?"

Nilimwambia 5Y ni usajili, kama namba ya gari. Ndege hukodishwa. Yule mkaguzi wa maegesho anaikagua yoyote iliyotua hapa, iwe 5H, 5Y au 5X ya Uganda. Na kuna kifungu cha Mkataba wa Chicago, 83 bis, kinachoruhusu nchi ya usajili kuikabidhi nchi ya mwendeshaji sehemu ya usimamizi, kwa makubaliano ya maandishi, ili ndege isije ikawa na baba wawili na mlezi asiwepo.

Akaniuliza, makubaliano hayo ya ndege yake yapo? Nikamwambia kama yapo, nakala inapaswa kuwemo humo humo ndani ya ndege, amuulize rubani. Akajibu kwa sauti, injini zikiunguruma nyuma yake: "Rubani ndiye huyo anapakia ndoo zangu za rangi, ngoja amalize."