Damu ya mama na mgawo wa mboga: maswali na majibu

Umaskini unahusianaje na upungufu wa damu kwa wanawake?
Anzia kwenye sahani. Nyumba nyingi nyama ikipikwa, finyango huanza kwa baba na wageni, zinafuata za watoto, na aliyepika hubaki na mchuzi. Ni yeye huyo anayepoteza damu kila mwezi. Mwanamke aliye katika umri wa hedhi anahitaji madini chuma, yanayotengeneza damu, takriban miligramu 18 kwa siku, mjamzito 27. Mwanamume mzima 8 zinamtosha. Mgawo umepinduliwa, na umepinduliwa tangu akiwa binti.

Na binti akipata mimba mapema?
Mwili wake bado unakua, kwa hiyo yeye na mtoto wanagombania chuma kile kile kidogo. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumvusha.

Dalili ni zipi?
Uchovu usioisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio akibeba ndoo, hamu ya kula udongo. Vuta kope la chini: ndani pakiwa peupe, nenda ukapime wingi wa damu. Mjamzito asiwe chini ya 11 (gramu kwa desilita ya damu). Asiye na mimba, 12. Mjamzito akiwa chini ya 7, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nameza vidonge vya chuma vya kliniki lakini damu haipandi.
Mara nyingi ni chai. Chai na kahawa hushika chuma tumboni kisifyonzwe. Meza kwa maji, na chai isubiri saa moja au mbili. Kidonge kikikuletea kichefuchefu, meza usiku baada ya kula. Choo kuwa cheusi ni kawaida, usiache dawa kwa sababu hiyo. Malaria na minyoo nayo humaliza damu: lala ndani ya chandarua, na uliza kliniki dawa zake.

Sina hela ya nyama.
Dagaa na maharage vina chuma. Kamulia ndimu mezani, si jikoni, maana moto huharibu vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa. Na mjamzito apakuliwe kwanza. Hilo halina gharama.

Bibi aliyekoma hedhi ameshapona hatari hii?
Mahitaji yake ya chuma hushuka. Lakini damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, hedhi haijarudi: inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi au ya mji wa mimba. Wengi husubiri mtoto aliye mjini atume nauli, miezi inapita. Nauli hiyo itafutwe wiki hiyo hiyo.