Gari Linalosukuma Nyuma Halina Jini: Maelezo kwa Madereva Kabla ya Vuli

Kila vuli inapokaribia, meza yetu ya ukaguzi wa magari hupokea maelezo yanayofanana kiasi kwamba tungeweza kuyachapa mapema na kuacha nafasi ya namba ya gari tu. "Lilinigeukia." "Usukani ulikataa." "Nilikuwa mwendo mdogo tu afande, likazunguka lenyewe." Ukimuuliza mhusika alikuwa akiendesha gari gani kabla ya hilo, mara nyingi atakutajia IST, Vitz, Passo au Spacio, magari yanayovutwa na tairi za mbele. Mambo yamemnyookea, amenunua Mark X, Crown, Brevis au Altezza, gari linalosukumwa na tairi za nyuma, na mvua ya kwanza imemkuta nalo barabarani.

Hatuandiki kumlaumu. Wengi wamejifunza kwa gari linalovuta mbele, wamefanya mtihani kwa gari linalovuta mbele na wameishi nalo miaka. Leseni yao ni halali kabisa, kwa sababu daraja la leseni haliangalii ni tairi zipi zinazosukuma gari, na kwa hiyo hakuna leseni ya pekee ya kuomba wala kibali cha kufuata. (Tunaulizwa hili. Jibu ni hapana, na anayekuuzia kibali hicho mripoti.)

Kwenye IST, tairi za mbele zina kazi mbili: kuelekeza gari na kulivuta. Ukizidisha mafuta kwenye kona, hizo za mbele ndizo zinazochoka kwanza. Gari linakataa kukata kona, linataka kunyoosha. Unaogopa, unaachia mafuta, uzito unarudi mbele, linakata. Baada ya miaka mguu umeshajifunza somo hilo bila kumuuliza mwenyewe: ukiogopa, achia.

Gari la kusukuma nyuma limegawa kazi. Za mbele zinaelekeza tu, ndiyo maana usukani wake ni mtamu na watu husema gari "limetulia". Za nyuma zinasukuma, na hizo hizo ndizo zinazouzuia mkia usitoke nje ya kona. Uwezo wa tairi kushika lami ni mshahara mmoja: ulichotoa kwenye kodi ya nyumba hukitoi tena kwenye ada ya shule. Ukikanyaga mafuta mengi kwenye kona, tairi la nyuma linautumia uwezo wake wote kusukuma, halibakiwi na cha kuushikilia upande. Mkia unatoka.

Ongeza nguvu ya injini. IST ya 1.3 ina nguvu za farasi 87. Mark X ya 2.5 ya toleo la kwanza, lile la 2004 hadi 2009, ina 215. Mguu ni ule ule na kiatu ni kile kile, lakini kipimo cha kukanyaga ulichozoea sasa kinaleta zaidi ya maradufu, na kinaipeleka nyuma.

Tuangalie kipilefti, maana ndipo tunapookota magari mengi. Mvua ya kwanza baada ya miezi ya jua haioshi barabara papo hapo. Inachanganya vumbi, mafuta yaliyodondoka chini ya malori na unga wa mpira wa tairi, na dakika za mwanzo, kabla maji hayajawa mengi ya kusafisha, lami inakuwa na utelezi kuliko itakavyokuwa saa moja baadaye. Dereva amezunguka vizuri, sasa anatoka: usukani umekatwa kushoto, mbele anaona nafasi, nyuma kuna daladala linampigia honi. Anakanyaga. Mkia unakwenda kulia. Hapo ule mguu wa IST unafanya alichoufundisha: anaachia mafuta yote kwa mkupuo na kuruka kwenye breki. Uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi zaidi, na mkia uliokuwa umetoka kidogo sasa unatoka wote. Gari linaishia limetazama lilikotoka, au mtaroni.

Mwendo wake ulikuwa mdogo kweli. Hatumbishii. Mwendo mdogo haukusaidii kama mguu ni mzito.

Kinachotakiwa ni hiki. Legeza mafuta, maana yake punguza, usiyakate kama unazima swichi. Tazama unakotaka gari liende, si ule mtaro, kwa sababu mikono hufuata macho. Zungusha usukani kuelekea upande ambao mkia unakwenda: mkia ukienda kulia, usukani kulia. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, ukihisi mkia unaanza kurudi, rudisha usukani mapema kabla gari halijanyooka kabisa. Ukichelewa, mkia utapita katikati na kwenda upande wa pili kwa nguvu zaidi. Pigo hilo la pili ndilo linalowapeleka watu upande wa magari yanayokuja. Na kama gari limeshageuka na huna tena cha kuokoa, kanyaga breki mpaka mwisho, usiachie hadi lisimame.

Kusoma maneno haya hakumfanyi mtu awe mjuzi, wala makala hii haichukui nafasi ya mwalimu wa udereva. Mkia ukitoka una muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii. Kinga ya kweli inakuja kabla: maliza kupunguza mwendo wakati gari bado limenyooka, ingia kwenye kona na mafuta kidogo yasiyobadilika, na ongeza pale tu usukani unapoanza kurudi katikati. Kadiri usukani unavyonyooka, ndivyo mguu unavyoruhusiwa kushuka.

Sasa tairi. Hili limetuchosha na tutalisema kwa urefu. Mtu ana pesa ya tairi mbili mpya. Fundi anamwambia azifunge mbele, "maana ndizo zinazokata kona", na zile zilizokwisha zirudi nyuma. Kwenye gari la kusukuma nyuma, huko ni kuchukua tairi dhaifu na kuzipa kazi ya kusukuma na ya kushikilia mkia kwa pamoja, kwenye maji. Mpya ziende nyuma. Hata gari linalovuta mbele linashauriwa hivyo hivyo, kwa sababu za mbele zikiteleza dereva wa kawaida hupunguza mafuta na kupona, za nyuma zikiteleza wengi hawaponi. Katikati ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Tairi likiisha hadi kulingana navyo, limebakiwa na milimita 1.6 na limekwisha, hata kama jirani yako anasema bado linatembea. Na kabla hujanunua la mtumba, tafuta pembeni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT: 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo ni mgumu, hata kama mifereji yake inapendeza kwa macho.

Upepo usipunguzwe eti ili "lishike". Kipimo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Wapo wanaoweka mfuko wa saruji kwenye buti. Wazo halikutoka hewani, uzito juu ya tairi zinazosukuma husaidia kuondoka kwenye tope. Ila mfuko usiofungwa ukihama katikati ya kona utaongeza nguvu ya kuuvuta mkia nje, na ukigonga mbele unaufuata mwili wa abiria. Tunashauri usiweke.

Kitufe chenye neno SNOW kwenye Mark X si cha kiyoyozi. Tumewahi kuelezwa, kwa kujiamini kabisa, kwamba ni cha "baridi kali" na kwamba Dar es Salaam hakina kazi. Kimewekwa kwa ajili ya theluji, ndiyo, lakini kinachofanya ni kulainisha gari linapoondoka, ili nguvu isifike kwenye tairi kwa kishindo. Kwenye lami yenye tope au barabara ya udongo iliyolowa, kibonyeze.

Halafu ile taa ya gari lenye mistari iliyopinda chini yake. Ikimetameta kwa muda unapoteleza, mfumo wa kudhibiti kuteleza unafanya kazi yake, unabana breki ya tairi moja moja na kupunguza nguvu ya injini. Ikiwaka moja kwa moja, mfumo umezimwa au una hitilafu. Tunapokagua tunakuta dashibodi ambazo balbu yake imeng'olewa, au imebandikwa kipande cha solotepu nyeusi, ili mnunuzi asiulize. Ukinunua gari, washa swichi bila kuwasha injini: taa hiyo lazima iwake kwanza, kisha izime baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji imekwenda wapi.

Wa Iringa na Mbeya wanatuuliza kuhusu mteremko wa Kitonga. Kushuka na gia ndogo ni sahihi na tunaendelea kulisisitiza, maana breki zinazokanyagwa mlima mzima huchemka. Ila gia hiyo ichague kabla mteremko haujaanza. Kwenye gari la kusukuma nyuma, kizuizi cha injini, yaani injini inapolizuia gari kwa gia ndogo, kinashika tairi za nyuma peke yake. Ukitoka D ukaingia 2 kwa mkupuo katikati ya kona iliyolowa, umefanya kazi ya mtu aliyevuta hendibreki. Mkia utakujibu. Na kuweka fri ili kuokoa mafuta hatutakujadili hapa.

Wenye Hiace na pikapu wasijione hawahusiki. Hiace inasukuma nyuma. Noah ya zamani, SR40, inasukuma nyuma. Iliyoifuata mwaka 2001, AZR60, inavuta mbele, na mtu anaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine akidhani ni Noah tu. Pikapu lisilo na mzigo lina nyuma nyepesi, hivyo dereva aliyelizoea likiwa na magunia asubuhi analikuta jingine jioni likirudi tupu. Kwa Mark X soma kadi ya gari: GRX120 na GRX121 ni za kusukuma nyuma, GRX125 inasukuma tairi zote nne.

Kuhusu sheria, maana maswali ni mengi. Tairi kipara ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Askari akikuandikia notisi, utalipa faini kwa kila kosa. Kosa ni lako uliyekuwa unaendesha, lakini deni linaonekana kwenye namba ya gari, kwa hiyo anayekuazima gari lake ana haki ya kukuuliza. Utapewa namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo, kwa simu au benki, usimpe mtu fedha mkononi, na ujumbe wa malipo usiufute. Ukichelewa deni huongezeka. Ukiona hukutenda kosa, usibishane barabarani: una haki ya kukataa notisi na shauri likapelekwa mahakamani. Kuzungusha gari kwa makusudi kwenye barabara ya umma, hata saa nane usiku, hata kama "hakukuwa na mtu", kunaweza kukupeleka mahakamani kwa uendeshaji wa hatari, na mahakama ina mamlaka ya kukuzuia kuendesha. Ukibadilisha injini kuweka kubwa zaidi, gari lifike kwa mkaguzi, kisha taarifa ziende TRA, Mamlaka ya Mapato, ili kadi isomeke namba ya injini iliyomo. Kadi ikisoma injini nyingine, kampuni ya bima itakuwa na swali la kukuuliza siku utakayohitaji majibu. Bima ndogo hailipi gari lako wewe, na ripoti ya polisi inahitajika kwa zote mbili, ndogo na kubwa.

Anayetaka kujizoeza atafute uwanja mpana wa mwenyewe aliyetoa ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi, usio na nguzo wala watoto, baada ya mvua. Mwalimu akae pembeni. Abiria wengine wabaki nje, mikanda ifungwe, mizigo itolewe kwenye buti. Mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Kata usukani, ongeza mafuta taratibu mpaka uhisi mkia unaanza kwenda, kisha legeza na urudishe. Rudia upande wa pili. Kisha nyoosha gari na ukanyage breki kwa nguvu zote, uihisi ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge unapofunga breki, ikipigapiga chini ya mguu, kwa sababu tunawakuta madereva walioachia breki wakati wa ajali wakidhani mtetemo ule ni kitu kimekatika.

Ukikwama kwenye tope, usizidishe mafuta. Difu ya kawaida, ile inayogawa mzunguko kwa tairi mbili za nyuma, hupeleka mzunguko kwenye tairi lisiloshika kitu, nalo litachimba mpaka gari likalie tumbo. Zima mfumo wa kuzuia kuteleza kwa kitufe chake, nyoosha usukani, tia mawe au matawi mbele ya tairi za nyuma, kisha ondoka kwa mafuta kidogo. Wanaokusukuma wasimame pembeni ya gari, si nyuma ya tairi linalozunguka. Ukishafika kwenye lami, washa tena mfumo huo kabla hujaingia barabarani.