Kwa nini tiketi moja ya miji mitatu huzidi bei ya tiketi tatu za kwenda tu

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou, China, mara nyingi hapiti njia iliyonyooka. Anatoka Dar es Salaam, anashuka Dubai siku nne kuangalia bidhaa za Deira, eneo la masoko la mji huo, anaendelea Guangzhou wiki mbili, kisha anarudi nyumbani. Anashika simu, anaandika safari zote tatu kwenye ukurasa mmoja wa kutafutia tiketi, na bei inayotoka inamshtua. Anatafuta tena kila safari peke yake, anajumlisha, na jumla inakuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, safari tatu mojamoja ni dola 310, 280 na 450, yaani 1,040. Tiketi moja yenye ndege zilezile, siku zilezile, ni dola 1,520.

Ninafundisha mawakala wa tiketi hesabu ya nauli, na swali hili hurudi kila muhula. Hata wenye uzoefu huanza kwa kudhani kompyuta imekosea. Haijakosea. Imefuata masharti ambayo abiria hakuonyeshwa, na mimi naamini alistahili kuonyeshwa, kwa sababu fedha ni yake.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nauli ya ndege haipimwi kwa kiti, wala kwa saa za angani. Nauli ni bei ya jozi ya miji: kutoka huku mpaka kule. Shirika la ndege huandika bei ya Dar es Salaam hadi Guangzhou, na hiyo ni bidhaa moja. Bei ya Dar es Salaam hadi Dubai ni bidhaa nyingine, na Dubai hadi Guangzhou ni ya tatu. Bei hizi, pamoja na masharti ya kila moja, hutumwa kwenye hifadhi za pamoja kama ile ya kampuni ya ATPCO ya Marekani, na kutoka huko husambazwa kwa mifumo ya kuuzia tiketi anayotumia wakala wako.

Sasa, abiria wa Guangzhou anagombewa na wengi. Ethiopian anampitisha Addis Ababa, Kenya Airways Nairobi, Emirates Dubai, na Air Tanzania nayo imekuwa ikienda huko. Kwa sababu hiyo nauli ya Dar hadi Guangzhou kwa kupitia Dubai inaweza kuwa ndogo kuliko jumla ya Dar–Dubai na Dubai–Guangzhou, ingawa mtu anakaa kwenye ndege zilezile mbili. Nauli ya kupita ina sharti moja kubwa: upite. Katika safari za kimataifa, ukikaa mji wa katikati zaidi ya saa 24 umeshuka, hukupita. Siku nne za Deira zinakutoa kwenye bidhaa ya Dar–Guangzhou na kukuingiza kwenye hesabu nyingine kabisa, isipokuwa nauli yenyewe iwe imeruhusu kushuka njiani, bure au kwa malipo.

Jambo la pili ni mafungu. Muuza nyanya sokoni hupanga mafungu, na fungu la bei nafuu likiisha, unahamia la bei ya juu. Shirika la ndege hufanya hivyo na viti vya daraja la kawaida. Viti vinavyofanana kwa upana na chakula hugawanywa katika mafungu yenye herufi, Y likiwa la bei ya juu na mengine yakishuka chini yake, kila fungu na masharti yake. Ustadi huu ulikomaa Marekani baada ya sheria ya mwaka 1978 iliyoitoa serikali katika kupanga nauli za ndani, na leo umeenea duniani kote. Ila kuna tofauti moja na soko la nyanya. Muuza nyanya hakuulizi unakwenda kupikia wapi. Shirika la ndege huuliza. Fungu la bei ya chini kwenye ndege ya Dubai–Guangzhou linaweza kuwa wazi kwa anayeanzia Dubai, na likafungwa kwa anayetoka Dar, au kinyume chake. Mawakala husema vipande vya safari vimeoana: huwezi kukichukua kimoja kwa bei yake ukamwacha mwenzake.

Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Unapoomba safari tatu kwenye tiketi moja, mfumo hauruhusiwi kujumlisha tu. Lazima utafute nauli tatu ambazo masharti yao yanakubali kukaa pamoja. Nauli nyingi za bei ya chini zimeandikwa kwamba haziunganishwi na nauli nyingine mwisho kwa mwisho, yaani moja ikianzia pale nyingine inapoishia, au zinaunganishwa na nauli za shirika hilohilo peke yake, au ni nusu ya nauli ya kwenda na kurudi na haziuzwi zikiwa pweke. Ile ya Dubai hadi Guangzhou ya dola 280 labda ni ya shirika la Kichina. Ile ya Guangzhou hadi Dar ya dola 450 ni ya shirika la Kiafrika. Zikikataana, mfumo hauachi kazi. Unapanda ngazi, fungu kwa fungu, mpaka ukute nauli zinazokubaliana, na mara nyingi hizo ni zile zisizo na masharti mengi, karibu na Y. Umelipia ruhusa ya kuunganisha bila kujua kwamba kuna kitu kama hicho kinachouzwa.

Hata zikikubaliana, kwa kawaida kipande chenye masharti makali huvivuta vingine. Kimoja kikikataza kubadili tarehe, au kikidai faini kubwa ya kughairi, sharti hilo linaweza kutawala tiketi nzima. Na zipo nauli zinazopimwa kwa maili: kila jozi ya miji ina kikomo chake cha maili, na ukizunguka ukakivuka, nauli hupandishwa kwa asilimia 5, kisha 10, 15, 20, hadi 25. Ukizidi hapo, nauli huvunjwa na kuhesabiwa upya.

Mwaka 2016 Wamarekani walililipia somo hili. Mashirika makubwa matatu, American, Delta na United, yalibadili masharti karibu kwa pamoja, na nauli nyingi za bei ya chini zikakatazwa kuunganishwa kwenye tiketi ya miji mingi. Abiria waliokuwa wakilipa jumla ya nauli ndogo ndogo wakakuta bei imeruka sana, na hakuna kiti kilichobadilika. Mashirika yalitaka kuziba njia ya wasafiri waliounganisha nauli mbili nafuu ili kukwepa nauli moja ya juu. Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni yule ambaye hakukwepa chochote: mtu mwenye kazi ya kweli katika miji miwili.

Wapo wanaoniuliza kwa nini kompyuta isitafute tu mpangilio wa bei ndogo kuliko yote, ikagawe tiketi yenyewe. Baadhi ya tovuti hujaribu. Lakini hesabu hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Carl de Marcken, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ITA Software ambayo Google iliinunua, alionyesha kwamba tatizo la kutafuta nauli ya chini kabisa, likichukuliwa na masharti yote ya mashirika, halina njia ya uhakika ya kulimaliza. Tena mashirika mengi ya bei nafuu hayaweki nauli zao kwenye mifumo hiyo, na hayaandikiani tiketi na mashirika mengine. Mtu wa Mwanza anaweza kupata nauli nzuri ya ndani hadi Dar akainunua peke yake, ilhali akiiingiza Mwanza kwenye tiketi ya Guangzhou, shirika hilo la ndani halionekani kabisa.

Je, basi ugawe tiketi kila mara? Hapana, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wakilia uwanjani. Tiketi moja ni mkataba mmoja. Ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni kazi ya shirika kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili, shirika la pili linakuhesabu umeshindwa kufika, na nauli imekwenda. Begi nalo huenda lisiandikiwe hadi mwisho: itabidi upite uhamiaji, ulichukue, uliandikishe upya, na kupita uhamiaji kunaweza kudai viza ya nchi ambayo hukupanga kuingia. Kwa hiyo usigawe tiketi mahali unapobadili ndege siku hiyohiyo. Gawa pale unapolala. Siku nne za Deira zinatosha kumeza ucheleweshaji wa kawaida wa ndege ya kutoka Dar.

Angalia na kilo. Baadhi ya mashirika humpa abiria wa Afrika mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, lakini nauli uliyonunua peke yake kati ya Dubai na Guangzhou inafuata kanuni za soko la huko. Na kwenye dawati la Dar, mwenye tiketi ya kwenda Dubai tu ataulizwa tiketi ya kuendelea na viza, kwa sababu shirika likimbeba asiye na karatasi hutozwa faini na humrudisha kwa gharama za shirika lenyewe. Beba tiketi zote zikiwa zimechapishwa.

Ipo njia ya kati ambayo mawakala wazuri huitumia, na inanisikitisha kwamba abiria wengi hawajui kuiomba. Nunua tiketi moja ya kwenda na kurudi yenye pengo: kwenda Dar hadi Dubai, kurudi Guangzhou hadi Dar, kwa shirika moja. Nauli nyingi za kwenda na kurudi huruhusu kufikia mji mmoja na kuondokea mwingine, kila nusu ikihesabiwa kwa nauli yake. Pengo la Dubai hadi Guangzhou linunue kando, kwa tiketi ya kwenda tu, kwenye soko la Dubai lenye ushindani mkubwa. Na kabla ya hapo muulize wakala kama shirika linaruhusu kushuka njiani kwa malipo madogo, maana mara nyingine jibu hilo peke yake linamaliza kazi.

Wakala akishakupa bei, omba mstari wa hesabu ya nauli. Ni ule wenye herufi na tarakimu zilizoshikana, ambao watu huuruka. Miji huandikwa kwa herufi tatu: DAR ni Dar es Salaam, DXB ni Dubai, CAN ni Guangzhou. Tarakimu ikikaa baada ya mji, hapo nauli moja imeishia na nyingine inaanza. X na mkwaju mbele ya mji maana yake unapita tu, hushuki. Ukiona 15M, nauli imepandishwa asilimia 15 kwa ajili ya maili. Q na tarakimu ni nyongeza iliyobandikwa juu ya nauli. Wakala anaweza kuutoa mstari huo kwenye mfumo wake hata tiketi ikiwa haijakatwa, na wakati wa kuuomba ni huo, kabla hujalipa.