Paka Mwenye Leukemia na Sahani ya Dagaa: Dhana Potofu na Ukweli

Hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, ni nadra kumkuta paka anayelala na njaa wakati dagaa wanapoanikwa, na pengine ndiyo sababu paka wa nyumbani akikonda huku chakula kipo, watu hukimbilia kusema kwamba amerogwa au amekula panya mwenye sumu. Yapo maradhi mengi yanayoweza kumkondesha, na mojawapo ni leukemia ya paka, inayosababishwa na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake mjini Glasgow, Uskoti. Virusi hivyo hudhoofisha kinga ya mwili, hupunguza damu na wakati mwingine huleta saratani. Maneno yanayosemwa mitaani kuhusu paka wa namna hii ni mengi, na baadhi yake humuua mapema kuliko ugonjwa wenyewe.

Dhana: Huo ni Ukimwi wa paka, na utawapata watoto wa nyumbani.

Kosa hapa ni maradufu. Ule unaofananishwa na Ukimwi husababishwa na virusi vingine kabisa vya paka, vilivyogunduliwa mwaka 1986 huko California, na paka mmoja anaweza kuwa na kimoja bila kuwa na kingine. Pili, hakuna kati ya virusi hivyo viwili kinachomwambukiza binadamu, wala mbwa, wala kuku. Leukemia hupita kutoka paka hadi paka, hasa kwa mate: wanapolambana, wanapokula sahani moja kwa muda mrefu, wanapong'atana, na mama anapowabebea mimba na kuwanyonyesha watoto wake. Mtoto akimshika paka mgonjwa anawe mikono, kama anavyopaswa kunawa akimshika paka mzima.

Dhana: Akishapimwa akakutwa nao hana siku, afadhali atiwe kwenye gunia akatupwe mbali.

Paka mkubwa mwenye afya anaweza kuambukizwa na mwili wake ukavidhibiti virusi, ndiyo maana daktari wa mifugo akikuta dalili za virusi katika tone la damu hushauri kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa, au kithibitishwe kwa kipimo cha aina nyingine, kabla ya kutoa neno la mwisho. Walio hatarini zaidi ni paka wachanga. Hata wale ambao virusi vimewakaa moja kwa moja, wengi huishi miaka miwili au mitatu tangu kupimwa, na wengine zaidi, wakitunzwa ndani. Kumtupa sokoni ni kusambaza ugonjwa kwa hiari, kwa kuwa paka mgeni sokoni hupigana na wenyeji usiku uleule. Lililo bora ni ahasiwe au afungwe kizazi mara tu afya yake inaporuhusu, asitoke nje, na aonwe na daktari kila baada ya miezi sita hivi.

Dhana: Dagaa wa Kigoma wanamtosha, hata wabichi, kwa kuwa paka ameumbiwa samaki.

Hili ndilo linalohitaji maelezo marefu, maana ni la kweli nusu. Paka ni mla nyama asiye na hiari; mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho ambacho hupatikana katika nyama na samaki na hakipatikani katika ugali wala wali. Dagaa kwa hiyo ni chakula chema. Tatizo lipo katika namna tunavyowatoa. Paka ambaye kinga yake imevunjika hawezi kupambana na bakteria na vimelea vilivyo katika samaki au nyama mbichi, ambavyo paka mzima huenda angevishinda bila wewe kujua. Zaidi ya hayo, baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza. Wapikwe basi. Dagaa walioanikwa mchangani wapepetwe na kuoshwa zaidi ya mara moja, na wenye chumvi walowekwe kwanza. Yale maji ya kuwachemshia yasimwagwe, kwa sababu taurini huyeyuka ndani yake. Yapoze umpe pamoja na samaki. Mgebuka naye ni mzuri, mradi miiba itolewe.

Samaki peke yao siku zote, hata waliopikwa, si mlo kamili, na mafuta yao yanaweza kumpunguzia vitamini E. Changanya: kuku aliyechemshwa na kutolewa mifupa, moyo wa ng'ombe, yai lililoiva. Ini liwe kidogo na si kila siku, kwa kuwa vitamini A ikizidi hujeruhi mifupa. Anayemudu chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya paka atumie hicho kama msingi. Walioshuhudia Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi kati ya Mei 15 na Agosti 15, 2024 wanajua kwamba si busara kumzoesha mgonjwa kitoweo kimoja tu.

Na mchuzi wa jana? Hapana. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na huyu tayari ana upungufu wa damu au yuko njiani kuupata. Mtolee sehemu yake kabla ya kuunga. Inachukua dakika moja, ingawa mpishi atalalamika.

Dhana: Maziwa humsafisha sumu.

Paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa. Yasiyochemshwa ni hatari zaidi kwa mgonjwa. Mpe maji safi.

Dhana: Akiwa na homa, nusu kidonge cha panado kitamtuliza.

Kitamuua. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, dawa iliyomo ndani ya panado, na kidonge kimoja au hata pungufu chaweza kuifanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni. Tahadhari hiyohiyo ihusu dawa za kupe za kuogeshea ng'ombe na mbwa, ambazo nyingi zina permethrini au viuatilifu vya jamii yake, ambavyo ni sumu kwa paka. Viroboto viondolewe kwa dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

Dhana: Chanjo itamponya, na vyombo vyake vichomwe moto.

Chanjo ipo, lakini humkinga paka ambaye hajaambukizwa. Kwa mgonjwa haifanyi kitu. Vyombo havina haja ya moto, maana virusi hivi hufa saa chache nje ya mwili, na sabuni ya kawaida huviua. Kama una paka wengine, wapimwe, na mgonjwa awe na chumba, sahani na sanduku lake la mchanga.

Dhana: Akisusa ana kiburi, njaa itamfundisha.

Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu huweza kujaa mafuta kwenye ini, hasa kama alikuwa mnene, na ini likishafika hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Pasha chakula kiwe vuguvugu ili harufu ipande, kigawe mara nne kwa siku, kisha funua mdomo wake utazame fizi: zikiwa nyeupe badala ya waridi, usingoje asubuhi kumtafuta daktari. Kila wiki mtie katika kikapu umpime kwenye mizani ya duka, utoe uzito wa kikapu, uandike tarehe. Muuza duka wa jirani yangu alicheka mara ya kwanza. Sasa yeye ndiye anayeuliza paka amepungua gramu ngapi.